Kupiga picha za ndege na maua Kitulo mkiwa wawili na kamera moja

Mimi kazi yangu ni pasipoti saizi. Nina kistudio Mbeya, upande wa Mwanjelwa, na mwaka wa kumi na mbili huu nawaambia watu "kidevu chini kidogo, masikio yaonekane". Jumamosi ni kipaimara, sendofu na harusi. Mume wangu, Baba Tumaini, anauza vipuri vya pikipiki milango mitatu kutoka kwangu, na mtu huyo anapenda ndege. Akisikia mlio juu ya paa anamwacha mteja na pistoni mkononi, anatoka nje kuangalia. Mimi yangu ni maua.

Kila mwaka, mvua zikishakolea, tunafunga studio na duka kwa siku mbili tunapanda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Safari ya kwanza tulirudi hatusemeshani kutoka Matamba mpaka Uyole. Ugomvi ulikuwa mmoja tu: kamera tunayo moja. Ile ya harusi, na lenzi yake ndefu ya 70–300, ya kuvuta vitu vya mbali, niliyoinunua mtumba. Ndege anataka ukae mbali, unyamaze, halafu uwe na haraka ya nusu sekunde. Ua linataka usogee, upige magoti, utulie robo saa. Mimi nikipiga magoti, mwenzangu anahesabu ndege wanaompita. Yeye akimlenga ndege, mimi nikipiga chafya tu ndege keshaondoka, na kosa limeshapata mwenyewe.

Sasa hivi hatugombani, au tunagombania mambo mengine. Haya ndiyo tunayofanya, kwa yeyote anayetaka kwenda na mwenzake.

Lini, na kwa njia gani

Wenye kalenda ya Ulaya wanasubiri Machi na Aprili ndipo ardhi ichipue. Majira ya kuchipua ya huku juu yanakuja na mvua za Novemba. Maua ya Kitulo yanakolea kuanzia Desemba hadi Aprili, na sisi tunachagua Februari kwa sababu harusi huwa zimepungua na mfuko wa Januari umeshapona. Ukienda Julai utakuta nyasi za kahawia, baridi kali, na asubuhi nyingine barafu nyembamba juu ya majani. Kuna watu wameenda Julai wakarudi wanasema Kitulo wameisifia bure.

Uwanda wenyewe uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Hifadhi ilitangazwa rasmi mwaka 2005, ina zaidi ya kilomita za mraba 410, na imeanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, jambo ambalo si la kawaida katika nchi iliyozoea kuhesabu simba na tembo. Wataalamu wameorodhesha aina kama 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi zinazoota ardhini. Wenyeji walishaiita Bustani ya Mungu kabla ya mtaalamu yeyote kufika na daftari.

Kutoka Mbeya unashika barabara kuu ya kwenda Iringa mpaka Chimala, halafu unakata kulia kuelekea mlimani. Hapo ndipo ilipo njia inayoitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake. Tumaini alipokuwa na miaka saba alijaribu kuzihesabu, akafika thelathini na moja akatapika. Usile sana Chimala.

Lala Matamba. Hili nalisisitiza. Kuna watu wanatoka Mbeya alfajiri wakidhani watawahi. Wanafika saa nne, jua limeshakuwa kali au mvua imeshajikusanya, wanapiga picha tatu za mkono wa mtu ulioshika simu, wanarudi. Gesti za Matamba ni za kawaida, blanketi zipo, na jioni utapata viazi vya huko huko, vya moto, vinavyopasuka vyenyewe. Ofisi ya hifadhi nayo iko Matamba. Malipo ni kwa kontroli namba, si noti mkononi, kwa hiyo yamalize siku hiyo hiyo ya kufika wakati simu ina salio na mtandao unasoma. Asubuhi, vidole vimekufa ganzi, mtandao unazunguka, mwenzako anakuangalia: ndoa nyingi hazijajengwa kwa jambo hilo.

Kuhusu gari, mwaka wa kwanza tulipanda na gari letu dogo la mjini. Lilikwama kwenye tope mbele ya Matamba, vijana waliokuwa wamebeba viazi wakaweka magunia pembeni wakatusukuma. Tuliwapa soda, na mimi niliwaahidi kuwapiga picha nikiwarudishia zilizosafishwa, na nilizirudisha. Sasa tunamwomba jirani gari lililoinuka, tunaweka mafuta na kumwoshea. Likikosekana tunachukua bodaboda mbili Matamba. Ukienda kwa bodaboda, begi la kamera lining'inie kifuani, siyo mgongoni, maana kila dereva akifunga breki, ni mgongo wa dereva unaopokea begi, na mgongo ni laini kuliko tope.

Mfuko wa maharage

Vifaa vyetu ni vya kimaskini. Kamera, lenzi ile ndefu, lenzi ndogo ya 50, simu mbili, betri tatu, memori kadi mbili. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, kwa sababu baridi inazimaliza kabla hujazitumia. Stendi ya kamera tunaiacha nyumbani. Kwenye nyasi zenye vishimo haisimami, na ukishaifungua na kuisawazisha, ndege keshahama mkoa.

Badala yake nilikata mguu mmoja wa jinsi ya zamani ya Tumaini, nikashona chini, nikatia kilo mbili za maharage ya njano, nikashona juu. Ukiuweka juu ya dirisha la gari, juu ya jiwe, juu ya goti la mume wako, lenzi inalala pale kama mtoto kwenye mto. Usijaze mpaka ukakaza. Acha nafasi maharage yahame, ndipo yaikumbatie lenzi. Mchanga unafanya kazi hiyo hiyo lakini ni mzito, na mchanga haupikwi.

Kwa ajili ya mvua, nailoni ile ngumu inayokuja na godoro jipya. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku mwaka 2019, na hata zamani ilikuwa inapiga kelele sana kwa ndege. Kata kipande, toboa tundu la lenzi, funga kwa mpira wa kufungia noti. Mfuko wa salfeti wa kupigia magoti. Mwavuli. Gambuti, kwa sababu umande wa Kitulo unaingia kwenye raba kama umetumwa. Nguo za rangi ya kijani iliyokolea, kahawia au kijivu. Kitenge chako kiweke kwenye begi, tutakuja kukihitaji.

Na memori kadi zijaribu nyumbani. Nilinunua kadi kwenye duka moja mjini, imeandikwa GB 64, bei nzuri, muuzaji ana tabasamu. Kumbe ndani haina nafasi hata nusu ya hiyo. Inapokea picha kwa adabu zote na kuzitupa. Nilikuja kujua siku ya pili, Mbeya, nilipofungua mafaili na kukuta vipande vya rangi ya kijivu. Kadi mpya sasa naijaza yote kwa video ya ukuta wa studio, naacha irekodi mpaka iseme imejaa, halafu nafungua video ya mwisho. Ikicheza, kadi ni nzima.

Ukungu ukiwa chini

Kila anayefundisha picha atakuambia ndege ni alfajiri, maua baadaye. Tulifuata hivyo safari ya kwanza na ndipo tulipoharibu. Kitulo wakati wa mvua, asubuhi nyingi unaamka kwenye ukungu. Ndege unamsikia hatua kumi mbele yako na humwoni. Ukimpata, ni kivuli cheusi juu ya karatasi nyeupe. Baba Tumaini alikaa na kamera saa nzima akisubiri, na mimi miguuni kwangu maua yote yamejaa matone ya umande, hakuna upepo hata wa kutikisa unyasi, mwanga laini ambao studio ningeulipia taa mbili na kitambaa. Ukungu ulipoinuka akanipa kamera, ameudhika. Upepo nao ukaamka. Maua yakaanza kucheza, ndege wakajitokeza kukausha mbawa juu ya mabua, na kamera iko kwangu!

Ndipo tukaandikiana mkataba, kwa mdomo, ndani ya gari, baada ya siku mbili za kununiana: ukungu ukiwa chini, kamera ni yangu, ukungu ukiinuka, kamera ni yake. Asiye na kamera anatumia simu, anashika mwavuli, na hasemi chochote kuhusu muda.

Basi mkiingia saa kumi na mbili na nusu, anza na maua. Tandika salfeti, lakini kabla ya kupiga goti la kwanza, angalia goti la pili litatua wapi. Okidi nyingi za pale si zile za kwenye kalenda. Nyingine ni za kijani hafifu, fupi, zimejificha kwenye nyasi, na mtu anaweza kupiga picha ya moja huku amekalia tatu. Mwongozaji wa hifadhi akikuambia pita hapa usipite pale, mfuate.

Shuka mpaka jicho la lenzi liwe sawa na uso wa ua. Ukilipiga kutoka juu umesimama, unapata picha kama ya mtoto aliyeinamiwa na daktari. Ukishashuka, angalia nyuma ya ua kabla ya kuangalia ua. Ni kama pasipoti: kinachoharibu sura ni ukuta. Kisogeze kichwa chako sentimita kumi kushoto au kulia mpaka nyuma pawe na ukungu mtupu au kijani cha mbali. Bua la jirani linaloingilia usilikate; liinamishe taratibu kwa kidole, piga, liachie.

Ukungu ni mweupe, na kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inatia giza. Ongeza mwanga nukta moja, kile kialama cha kujumlisha na kutoa, kiweke kwenye +1. Tundu la lenzi weka f/8 ukiwa karibu sana, vinginevyo mdomo wa ua utaonekana na mashavu yatapotea. Kwa simu, usivute kwa kuzumu. Sogea wewe, gusa ua kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu shusha mwanga kidogo kwa kidole. Upepo ukianza, mwenzako afungue mwavuli upande unakotoka.

Maua ya rangi ya chungwa na nyekundu yana ukaidi wake. Kamera inayachoma, unapata kidoa cha rangi kisicho na mistari wala mikunjo, kama midomo iliyopakwa rangi gizani. Kwa hayo punguza mwanga badala ya kuongeza, hata kama ukungu upo.

Tukiwa hapo hapo magotini, niseme la chikanda. Viazi vya okidi hizi vinachimbwa na kuvushwa Zambia, ambako vinasagwa na karanga na kupikwa mpaka vinagandamana kama mkate; ndiyo chikanda yenyewe, chakula kinachopendwa sana. Kabla Kitulo haijawa hifadhi vilikuwa vinaondoka kwa magunia, na okidi ikishang'olewa kiazi ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo ukituma picha kwa marafiki, okidi adimu usiitaje mahali pake kwa usahihi, na kwenye simu zima ile sehemu inayoandika mahali ulipopigia picha. Anayetaka kuona maua atayaona bila kuelekezwa hadi kwenye shimo.

Ukungu ukiinuka

Kwenye saa tatu hivi, siku nyingine saa nne, unaona kilima cha mbali ambacho hukujua kipo. Hapo natoa kadi yangu, naweka yake, namkabidhi kamera. Kila mtu na kadi yake. Ni katika mkataba.

Ndege wa kuanzia, hasa kwa anayejifunza, ni yule mweusi mwenye mkia mrefu kupita kiasi na kiraka cha manjano begani. Kipindi cha mvua dume anavaa suti hiyo kutafuta wenza, na sisi tunamwita Bwana Harusi. Anaruka juu ya nyasi mkia ukimvuta nyuma kama shela, anatua kwenye bua, anaruka, anarudi kwenye bua lile lile. Hapo ndipo siri yake ilipo: usimkimbize. Akishaondoka, lenga bua, weka fokasi, lala juu ya maharage, msubiri. Spidi ya shata isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, na ISO, ule usikivu wa kamera kwa mwanga, iache ipande ikitaka, picha yenye punje kidogo inaponyeka, iliyotikisika haiponyeki. Nukta ya fokasi weka moja tu, ya katikati, juu ya jicho. Ukiziacha zote, kamera itachagua nyasi. Baba Tumaini ana mkusanyiko mkubwa wa nyasi zilizo wazi kabisa na ndege wa ukungu nyuma yake.

Gari ni maficho mazuri kuliko kujibanza nyuma ya kichaka. Ndege wamelizoea, wanachoogopa ni mlango kufunguliwa na watu wawili kutoka na kofia. Zima injini, maana mtetemo wake unaingia kwenye picha. Shusha kioo kabla hujakaribia.

Tandawala ukimwona, na Kitulo wapo, wakubwa wenye shingo ya rangi ya kutu nyuma, usimwendee moja kwa moja. Tembea kama mtu anayepita zake kwenda kwingine, kwa mshazari, bila kumkodolea macho. Anageuka anatembea kwa heshima zake, kama mzee anayetoka kwenye kikao kabla hakijaisha. Ukiwa wawili, tembeeni mkiwa mmoja nyuma ya mwingine ili aone kitu kimoja.

Mbayuwayu wa bluu ni habari nyingine. Huja kuzaliana kwenye nyanda za juu kama hizi wakati wa mvua, kisha ukame ukiingia wanaondoka kwenda pande za Ziwa Victoria. Wamebaki wachache duniani. Rangi yao ni bluu iliyokolea yenye kung'aa, na mkia una nyuzi mbili ndefu. Wanataga ndani ya mashimo ya ardhini, kwa hiyo ukiona mbayuwayu anazama kwenye shimo na kutoka, rudi nyuma. Usichungulie, usipige flashi ndani, usikae hapo kumsubiri. Akiruka, jaribu ukipenda. Sisi tunazo picha kama mia mbili za anga tupu na moja ya mkia.

Mwenge

Sasa nifike kwenye kile kinachotupandisha mlima kila mwaka. Kuna ua refu, bua limenyooka, juu lina kichwa kilichosongamana vimirija vya manjano na chungwa. Sisi tunaliita mwenge, na ukiliona utajua kwa nini, linakosa tu mkimbizaji na risala. Vimirija vyake vinafunguka kuanzia chini kwenda juu. Vya chini vikianza kunyauka, vya katikati ndiyo kwanza vimefunguka, vya juu bado vimefumba. Nimeyainamia miaka mingi, hayo nayajua. Na Baba Tumaini naye anajua kwamba chozi, yule wa kijani kama kioo cha chupa, mwenye mdomo uliopinda na manyoya mawili marefu mkiani, anaishi kwa asali ya maua hayo.

Safari ya tatu ndipo tulipoyaunganisha. Nilikuwa nimekaa kwenye salfeti nakula kiazi, yeye anakimbizana na chozi mmoja kutoka mwenge hadi mwenge, anafika mwingine anaondoka, jasho linamtoka kwenye baridi. Nikamwambia, "Baba Tumaini, unamfuata wa nini? Atakuja hapa." Nikamwonyesha mwenge mmoja. Chozi alikuwa anatua kwenye ile ambayo mirija ya katikati imefunguka leo. Iliyonyauka anaipita, iliyofumba anaipita. Na huu niliomwonyesha ulikuwa umefunguka karibu wote, umesimama peke yake, nyuma yake bonde tupu.

Fanyeni hivi. Anayejua maua achague ua: lenye pete pana ya mirija mipya, lisilozibwa na mabua mengine, na pembeni yake kuwe na bua gumu au ua jingine la kutulia, kwa sababu chozi wetu hapendi kuning'inia hewani akinywa, anashika bua kwa miguu. Kaeni jua likiwa mgongoni kwenu. Hili ni la lazima kwa chozi, maana ule ukijani wake ni mwanga unaovunjika juu ya manyoya. Jua likiwa nyuma yake unapata ndege mweusi tu. Kaeni mita nne au tano kutoka kwenye ua kwa lenzi ya 300. Maharage juu ya goti. Fokasi iweke kwenye kirija cha katikati, kisha uzime fokasi ya kamera ili isianze kutafuta ndege akija. Shata ya mfululizo, 1/1250 au zaidi, f/8 ili mdomo na mkia viingie. Punguza mwanga theluthi mbili kwa sababu ya ile rangi ya chungwa.

Halafu mwenye kamera haangalii kitu kingine. Macho ya kuangalia pembeni ni ya mwenzake. Sisi tumepatana lugha ya mkono wa koti: nikiuvuta mara moja anakuja kutoka kushoto, mara mbili kulia, nikiubana ameondoka pumzika. Maneno hayafai, hata ya kunong'ona.

Siku ile tulikaa dakika arobaini. Mguu wangu ulikufa ganzi, nzi mmoja alinitembelea shavuni toka mwanzo hadi mwisho. Chozi alikuja mara mbili kwenye mwenge wa jirani, akautazama wetu, akaenda. Nikaona Baba Tumaini anageuza kichwa kunilaumu, nikaubana mkono wa koti. Akanong'ona hata hivyo, "Mama Tumaini, usipumue kwa nguvu." Nikamwambia nisipopumua atabaki na kamera na maiti. Hapo hapo nikavuta mara mbili. Alitua chini kidogo ya pete, akajipandisha kwa miguu hatua moja, mbili, kama fundi kwenye nguzo ya umeme, akazamisha mdomo kwenye kirija na alipoutoa paji la uso wake lilikuwa na unga wa manjano. Shata ikalia. Picha kumi na nne. Mbili ndiyo za kweli. Moja imetundikwa studio, na wateja wanauliza kama ni bango la kununua.

Picha yenu

Kabla ya mvua ya mchana kuanza kunguruma, toa kitenge. Usiingie katikati ya maua ili kupata picha ya kukaa kwenye maua, baki kwenye njia. Mpiga picha ashuke chini, asogeze lenzi karibu na maua yaliyo ukingoni mwa njia, apige kupitia kwayo, nawe uko nyuma hatua nne. Utaonekana umezama kwenye bustani na hakuna ua lililokanyagwa. Rangi ya bluu inasimama vizuri mbele ya mienge, kwa hiyo mimi nabeba kitenge cha bluu na si chekundu siku hizi. Ya wawili, laza kamera juu ya maharage kwenye boneti, weka taima sekunde kumi. Baba Tumaini huwa anafika sekunde ya kumi na moja.

Ondokeni saa saba au nane. Mvua ikishanyesha, ile njia ya kushuka haina utani.

Kamera ifunge ndani ya begi ukiwa bado juu, zipu mpaka mwisho, na usiifungue Chimala hata ukiombwa. Chimala ni joto, lenzi bado ina baridi ya mlimani. Ukiifungua inatoa jasho ndani na nje, na jasho la ndani linaacha ukungu ambao fundi anautoa kwa bei ya lenzi nyingine. Iache saa moja ipate joto polepole na begi lake. Mkifika nyumbani, nakilini kadi zote mbili mahali pawili kabla ya kuoga. Kufuta msifute usiku huo, mtafuta kwa uchovu. Sisi tunafuta Jumapili, kila mtu anafuta za mwenzake, kwa sababu mwenye picha ana huruma kupita kiasi.

Na ule mguu wa jinsi ufumue. Mwaka mmoja tuliusahau kwenye buti la gari umelowana, siku ya nne maharage yakawa yameota, meupe, marefu, tukayapanda nyuma ya choo. Ukiwahi, yaanike asubuhi, chagua mawe, na yaoshe maji matatu kabla ya kubandika, maana yameshinda siku nzima juu ya boneti.